Uwazi Katikati ya Kioo

Tunaosoma fizikia ya mwanga tumezoea kuhadithiwa ushindi wa kioo. Katika masomo yangu ya uzamili nimevutiwa zaidi na wazo lililowekwa kando: uzi wenye uwazi katikati, ambamo mwanga husafiri hewani.

Mwaka 1964, Marcatili na Schmeltzer wa Bell Labs, Marekani, walipiga hesabu ya mwanga ndani ya bomba tupu. Bomba pana lililonyooka liliufikisha mbali. Likipinda kidogo tu, mwanga ulivuja. Mwaka 1966, Charles Kao na George Hockham, wakiwa Uingereza, wakaonyesha kwamba kioo safi kingeweza kubeba mawasiliano. Dunia ikafuata kioo.

Lakini kioo kina gharama yake. Hata kikisafishwa vipi, hutawanya mwanga, na humo mwanga hutembea takriban kilomita 200,000 kwa sekunde badala ya 300,000 za hewani.

Mwaka 1999, kundi la Philip Russell katika Chuo Kikuu cha Bath liliuzungushia uwazi matundu madogo yaliyopangwa kama sega la nyuki, nayo yakazuia mwanga kutoka. Kufikia 2005 upotevu ulikuwa desibeli 1.2 kwa kilomita, yaani nusu ya mwanga ilipotea kila kilomita 2.5. Viwimbi vilivyoganda kwenye kuta za matundu viliutawanya.

Njia ikapatikana kwa kupunguza kioo. Sega liliondolewa, ikabaki mirija michache isiyogusana. Mwaka 2014, Francesco Poletti wa Southampton alipendekeza mrija ndani ya mrija, kuta zikiwa na unene unaorudisha mwanga katikati. Kwa kuwa mwanga haugusi kioo ila kwa nadra, hata mwelekeo wa mtikisiko wake, yaani polaraizesheni, hubaki safi. Watafiti wa Southampton walilithibitisha hilo mwaka 2020. Mwaka 2025, wao na wenzao wa Microsoft waliripoti desibeli 0.091 kwa kilomita: sasa nusu hupotea baada ya kilomita 33 hivi, umbali ambao kioo kitupu hakijawahi kuufikia.

Hesabu za 1964 zilikuwa sahihi, ila zilihusu bomba tupu. Ndiyo maana, ninaposoma maandiko ya zamani kwa ajili ya tasnifu yangu na kukuta "upotevu ni mkubwa mno", nauliza kwanza: ni umbo gani lililopimwa?