"Ni Uzee Tu": Historia Fupi ya Mafunzo ya Madaktari wa Wazee, Kutoka Isleworth Hadi Blacktown

Katika nyumba zetu kuna maneno matatu yanayofunga mazungumzo mengi: "Ni uzee tu." Bibi amesahau sufuria jikoni, ni uzee tu. Babu ameanguka bafuni mara mbili mwezi huu, ni uzee tu. Maneno hayo si ya Waswahili peke yao. Kwa muda mrefu hata madaktari waliyasema, na fani nzima ya udaktari ilizaliwa pale watu wachache walipoyakataa. Katika makala haya tunaeleza fani hiyo ilitoka wapi, ilifikaje hapa magharibi mwa Sydney, na kwa nini lugha yetu inahusika na mafunzo ya daktari wa wazee.

Jina lilitangulia kazi. Mwaka 1909 Ignatz Nascher, daktari mzaliwa wa Vienna aliyeishi New York, alilipa tawi hili la udaktari jina ambalo kwa Kiswahili tunaweza kulitamka jeriatria, yaani tiba ya wazee. Hoja yake ilikuwa nyepesi: kama utoto una madaktari wake, kwa nini uzee usiwe nao? Alitoa kitabu juu ya jambo hilo mwaka 1914, lakini hospitali nyingi ziliendelea kama zamani.

Kazi yenyewe ilianza Isleworth, magharibi mwa London. Mwaka 1935 Hospitali ya West Middlesex ilikabidhiwa wodi za nyumba ya maskini iliyokuwa jirani nayo, na wagonjwa wake 714 wakawekwa chini ya daktari mmoja, Marjory Warren. Wengi walikuwa wazee waliolazwa humo kwa muda mrefu bila mtu kuuliza wanaumwa nini hasa. Warren aliwapima mmoja mmoja. Walikuwapo waliopata kiharusi na hawakuwahi kufanyishwa mazoezi. Walikuwapo ambao misuli yao ilikuwa imekauka kwa kulala tu. Alitaka wodi zenye mwanga, vishikio ukutani, viti vya kufaa na mazoezi ya kila siku. Baadhi ya wazee waliodhaniwa wanangoja kifo waliinuka, wakatembea, na wengine wakarudi makwao.

Warren hakuishia hapo. Katika maandishi yake ya mwaka 1943 na 1946 kwenye majarida ya madaktari wa Uingereza, alidai kwamba tiba ya wazee iwe fani kamili ndani ya hospitali za kawaida, na kwamba wanafunzi wa udaktari wafundishwe. Kwetu hili ndilo jambo kubwa. Alijua kwamba wema wa daktari mmoja hufa naye, bali mafunzo hubaki. Mwaka 1947 yeye na wenzake wachache waliunda chama chao. Mwaka 1948 huduma ya afya ya taifa ilianza Uingereza, na hospitali za wazee zikaingia humo. Mwaka 1965 Chuo Kikuu cha Glasgow kilimteua Ferguson Anderson kuwa profesa wa tiba ya wazee, wa kwanza duniani kote.

Hata hivyo, kuwa na profesa si sawa na kuwa na wanafunzi. Vijana wengi wa Uingereza waliohitimu udaktari walitaka moyo au upasuaji, fani zenye sifa na fedha. Wodi za wazee zilibaki na nafasi wazi, na waliozijaza kwa wingi walikuwa madaktari wahamiaji, hasa kutoka Bara Hindi. Wanahistoria wamerekodi masimulizi yao. Wengi hawakuja Uingereza kwa nia ya kutibu wazee; walikuja kusomea fani nyingine, wakakuta milango hiyo imefungwa, na huu ukiwa wazi. Waliingia, wakaifanya kazi hiyo iheshimike. Basi historia ya tiba ya wazee ni historia ya wagonjwa waliosukumwa pembeni, wakatibiwa na madaktari waliosukumwa pembeni pia.

Sasa tuje huku kwetu. Treni ya kutoka Blacktown kwenda katikati ya Sydney hupita Lidcombe. Hapo, mahali palipoitwa Rookwood, serikali ya New South Wales ilianza mwaka 1893 kuwaweka wanaume wazee, maskini na dhaifu wasio na pa kwenda. Nyumba hiyo ya maskini ilikuja kuwa hospitali, na hospitali ikawa mahali pa kufundishia tiba ya wazee na urekebishaji wa viungo, hadi ilipofungwa katika miaka ya 1990. Mwaka 2000 waandishi wa habari wa Michezo ya Olimpiki walilala humo. Ukiangalia vizuri, njia ya Lidcombe ni ileile ya Isleworth: kwanza hifadhi ya wasiotakiwa, kisha hospitali, kisha darasa.

Hospitali ya Blacktown ilifunguliwa mwaka 1965, mwaka uleule wa profesa wa Glasgow. Mji ulikuwa wa familia changa zilizojenga nyumba mpya. Leo eneo la Blacktown lina wakazi zaidi ya 390,000 kwa hesabu ya mwaka 2021, na waliokuja wakiwa vijana wamekuwa wazee. Pamoja nao wamefika wazee walioletwa na watoto wao, wakiwemo wa kutoka Kongo, Burundi, Kenya, Tanzania na Sudani Kusini. Ndio maana madaktari wanaosomea ubingwa wa wazee hufanya mafunzo katika hospitali za magharibi mwa Sydney.

Njia yao ni ndefu. Baada ya shahada na kipindi cha kazi hospitalini chini ya uangalizi, daktari husoma miaka mitatu ya msingi ya magonjwa ya ndani chini ya chuo cha madaktari bingwa wa Australia na New Zealand, kilichoanzishwa mwaka 1938. Hufanya mtihani wa kuandika na mtihani mbele ya wagonjwa. Akifaulu, husoma miaka mitatu mingine ya ubingwa wa wazee peke yake.

Katika miaka hiyo anajifunza nini? Bernard Isaacs, aliyekuwa profesa Birmingham, aliyataja mambo manne akayaita majitu: kushindwa kutembea, kuangukaanguka, kushindwa kuzuia haja, na akili kupungua. Si magonjwa. Ni milango ambayo nyuma yake kuna ugonjwa. Mzee aliyeanguka huenda anatumia dawa sita zinazogombana. Aliyechanganyikiwa ghafla huenda ana maambukizi ya mkojo, na akitibiwa akili hurudi. Daktari huyu hufundishwa kuchunguza mwili, akili, dawa, nyumba, na watu wanaoishi na mzee, kisha kukaa na muuguzi, mtaalamu wa mazoezi ya viungo na afisa wa ustawi wa jamii ili wapange pamoja. Kwa ufupi, hufundishwa kutosema "ni uzee tu" kabla hajauliza.

Na hapo kwenye kuuliza ndipo lugha inapoingia. Wengi wetu klabuni tumewahi kukaa kando ya kitanda cha bibi, au nyanya kama wasemavyo wenzetu wa Kenya, tukimfasiria. Australia ilianza huduma ya ukalimani kwa simu mwaka 1973, Sydney na Melbourne, na mgonjwa ana haki ya kuomba mkalimani. Lakini hata mkalimani mzuri hukutana na maswali ambayo yalitungwa kwa ajili ya watu wengine.

Tuchukue mfano wa saa. Katika kipimo kimoja cha kumbukumbu kinachotumika nchi nyingi, kilichotungwa Montreal na kuchapishwa mwaka 2005, mgonjwa huambiwa achore saa na kuweka mishale. Mshale mfupi unatakiwa kwenye 11, mrefu kwenye 2. Mtu akibeba namba za Kiingereza kama zilivyo, atasema: "Chora saa kumi na moja na dakika kumi." Mzee wa Tanga au Tabora atafanya nini? Kwake saa kumi na moja ni alfajiri kabla ya jua kuchomoza, au jioni kabla halijazama, na kwenye saa ya ukutani mshale mfupi wakati huo huwa kwenye 5. Ataweka kwenye 5. Amejibu sawasawa, na amepoteza alama. Ilipaswa aambiwe "saa tano na dakika kumi." Sisi tuliokulia hapa, ambao wengi hutaja saa kwa hesabu ya Kiingereza hata tukisema Kiswahili, ndio wepesi wa kubeba namba hivyo.

Kipimo kingine, cha mwaka 1975, humuuliza mgonjwa ni majira gani ya mwaka, kisha humtaka aandike sentensi. Mzee wa pwani anajua kusi na kaskazi, masika na vuli. Bibi ambaye hakupelekwa shule hawezi kuandika sentensi leo, wala hakuweza alipokuwa na miaka 20. Hilo haliwezi kuwa dalili ya ugonjwa.

Madaktari wenyewe waliliona tatizo hili, na jibu moja lilitoka karibu nasi. Mwaka 2004 wataalamu wa kusini-magharibi mwa Sydney, eneo la Liverpool, walichapisha kipimo kinachoitwa RUDAS, kilichotungwa kwa ajili ya watu wa lugha na malezi tofauti. Mgonjwa hupewa vitu vinne vya kununua dukani avikumbuke: chai, mafuta ya kupikia, mayai na sabuni. Huombwa aonyeshe mguu wake wa kulia, na aeleze angevukaje barabara yenye magari mengi isiyo na taa. Hakuna kuandika sentensi. Leo kinatumika mbali na Sydney.

Jibu jingine lilitoka Kilimanjaro. Katika Wilaya ya Hai, watafiti wa Tanzania wakishirikiana na wenzao wa Newcastle na Northumbria, Uingereza, waliwapima wazee zaidi ya 1,000 wa miaka 70 na kuendelea. Waliona kwamba dimenshia, maradhi ya kupoteza kumbukumbu na akili, ipo vijijini, na kwamba wengi waliokuwa nayo hawakuwahi kuambiwa na daktari. Wakatunga kipimo kifupi kisichohitaji kusoma wala kuandika. Sehemu yake moja hutumia vijiti vya kiberiti: mtafiti anapanga umbo, mzee anapanga kama lile.

Afrika Mashariki bado ina madaktari bingwa wa wazee wachache mno. Tanzania ilipata Sera ya Taifa ya Wazee mwaka 2003, na Zanzibar ilianza kuwalipa pensheni wazee wote wa miaka 70 na zaidi mwaka 2016. Mafunzo ya madaktari hayajaenda kwa kasi ya sera, na wengi waliotaka ubingwa huu walilazimika kuutafuta ng'ambo. Lakini Hai inaonyesha kwamba maarifa hayatoki upande mmoja tu. Daktari anayesomea ubingwa Blacktown ana la kujifunza kwa mzee wa Hai na vijiti vyake vya kiberiti.

Tusijidanganye upande wa pili. Kujua kwamba kipimo kinaweza kumkosea mzee wetu si sababu ya kumficha asipimwe. Mjukuu anayefasiri kwa heshima, akarekebisha jibu la babu ili asiaibike, anamnyima babu matibabu. Heshima ni kumwamkia shikamoo, kumpa muda ajibu, na kufasiri alichosema kama alivyokisema.

Ndiyo sababu tunaleta pendekezo kwa klabu na kwa walimu wetu. Tuandike ukurasa mmoja kwa ajili ya madaktari na wakalimani wa hapa, wenye mambo matatu: hesabu ya saa ya Kiswahili, majina ya majira, na namna ya kumwamkia mzee kabla ya kuanza kumuuliza. Tuwaulize kwanza wazee wa Blacktown na Mount Druitt wenyewe, maana Kiswahili cha Bukavu si cha Mombasa. Warren aliwapima wagonjwa 714 mmoja mmoja. Ukurasa mmoja hautatushinda.