Kihesa ya wapangaji: kutoka Miiko ya Uongozi hadi kodi ya mwaka mzima

Mwaka 2025 ilitimia miaka 20 tangu Bunge lilipoifuta sheria ya kudhibiti kodi za nyumba nchini. Hakuna aliyeadhimisha. Lakini yeyote aliyewahi kuzunguka na dalali Kihesa, katika Manispaa ya Iringa, akitafuta nyumba ya kuishi na familia, anaijua ladha ya miaka hiyo 20 hata kama hajawahi kulisikia jina la sheria yenyewe.

Nyumba huwa nzuri, hilo tuseme ukweli. Vyumba vitatu na sebule, geti, uwanja wa watoto kuchezea, mparachichi uani. Mtaa umetulia, shule ziko jirani, kanisa na soko unafika kwa miguu, na daladala ya kwenda mjini haikawii. Mwenyeji atakukumbusha uangalie kama kuna dari, maana Juni na Julai baridi ya Iringa haina huruma. Kisha yanakuja mazungumzo ya fedha. Mwenye nyumba anataka ya miezi sita, na akipata wa kumpa ya mwaka, wewe uliyekuja na ya miezi mitatu utaambiwa nyumba imeshachukuliwa. Dalali naye ana chake, kwa mazoea kodi ya mwezi mmoja. Mwalimu au muuguzi anayelipwa mshahara kila mwisho wa mwezi anatakiwa atoe kwa mkupuo mmoja fedha ambazo hajazifanyia kazi bado.

Hali hii ina historia, na historia yake inapita kwenye Azimio la Arusha.

Enzi za Mkwawa, mtawala wa Wahehe, hapakuwa na mpangaji Uhehe. Watu waliishi kwenye matembe yenye paa la udongo, wakijenga wenyewe na kubomoa wenyewe. Baada ya Wajerumani kuibomoa ngome ya Kalenga mwaka 1894 na kuanzisha boma lao Iringa mwaka 1896, mji ulizaliwa pamoja na watu wake: askari, makarani, mafundi, wafanyabiashara wa Kihindi. Hao ndio waliohitaji vyumba. Kihesa wakati huo ilikuwa mashamba tu, pembeni ya njia ya kuelekea Dodoma.

Baada ya Uhuru, serikali iliingia kwenye suala la makazi kwa nguvu zote. Mwaka 1962 liliundwa Shirika la Nyumba la Taifa, na mwaka huohuo ikatungwa sheria ya kudhibiti kodi za nyumba. Mwaka uliofuata umiliki binafsi wa ardhi wa moja kwa moja ulifutwa. Yote haya yalifanyika bila kelele nyingi.

Kelele zilikuja Februari 1967.

Azimio la Arusha lilipotangazwa, Watanzania wengi walilipokea kwa habari ya mabenki na viwanda kutaifishwa. Ndani yake, hata hivyo, kulikuwa na Miiko ya Uongozi, na miiko hiyo iliingia hadi chumbani kwa mtu. Kiongozi wa TANU au wa serikali hakutakiwa kuwa na hisa katika kampuni, wala kuwa mkurugenzi wa kampuni binafsi, wala kupokea mishahara miwili, wala kuwa na nyumba ya kupangisha. Na maana ya kiongozi haikuishia kwake mwenyewe. Mume au mke wake naye alihesabiwa. Kwa maneno mengine, kodi ya nyumba iliwekwa katika fungu moja na unyonyaji.

Aliyekataa hadharani alikuwa mwanamke. Bibi Titi Mohamed, aliyezaliwa Dar es Salaam mwaka 1926, ndiye aliyewaingiza wanawake kwa maelfu TANU katika miaka ya 1950, na baadaye akaongoza Umoja wa Wanawake wa Tanzania. Alikuwa na nyumba za kupangisha. Kati ya nyumba na cheo, alichagua nyumba, akajiondoa katika Kamati Kuu ya chama mwaka huohuo wa 1967. Habari zake tunazijua kwa undani kutokana na mwanahistoria Susan Geiger, aliyekaa naye na kumhoji katika miaka ya 1980, kisha akachapisha kitabu chake juu ya wanawake wa TANU mwaka 1997. Nakiri kwamba ukishamsoma Geiger ni vigumu kuitazama Miiko ya Uongozi kwa jicho la Dodoma au la chuo cha chama. Unaitazama kwa jicho la Bibi Titi.

Maana mtazame alivyokuwa. Hakuwa na shahada. Hakuwa na kiinua mgongo cha kumngoja. Wanaume aliopigania nao Uhuru walikuwa mawaziri, mabalozi, wakurugenzi wa mashirika, wenye nyumba za serikali na magari ya serikali. Yeye akiba yake ilikuwa matofali. Kumwambia aache nyumba ilikuwa ni kumwambia azeeke bila kitu, na kumwita mnyonyaji juu yake. Oktoba 1969 alikamatwa kwa tuhuma za uhaini, akahukumiwa kifungo cha maisha, akaachiwa kwa msamaha wa Rais mwaka 1972. Alitoka na kukuta maisha yake ya zamani yamekwisha. Alifariki Novemba 2000, na leo barabara kubwa Dar es Salaam ina jina lake.

Sisemi kwamba Mwalimu Nyerere alikosea kuogopa kile alichokiogopa. Kiongozi mwenye nyumba kumi za kupangisha hawezi kutunga sheria ya kumlinda mpangaji, na hilo tutaliona huko mbele. Lakini miiko haikumtenganisha mwenye majumba kumi na mama mwenye vyumba vinne.

Miaka minne baadaye zamu ikawa ya majengo yenyewe. Aprili 1971 ilipitishwa sheria ya utwaaji wa majengo: jengo lolote lenye thamani ya zaidi ya shilingi 100,000 ambalo mwenyewe hakulikalia lote liliingia mikononi mwa serikali, chini ya Msajili wa Majumba. Jengo lililozidi miaka kumi halikulipwa fidia. Nchi nzima yalichukuliwa karibu majengo 3,000, na mengi mno yalikuwa ya Waasia, ambao maelfu yao waliondoka nchini katika miaka iliyofuata. Katikati ya miji yetu, Iringa ikiwamo, maduka ya chini yenye makazi juu yalibadilisha mmiliki usiku mmoja. Mwaka 1990 Msajili aliunganishwa na Shirika la Nyumba, na majengo hayo ndiyo sehemu ya urithi wa shirika hilo hadi leo.

Ukiwatajia wazee wa Iringa mwaka 1971, wachache watazungumzia majengo. Watakutajia Krismasi ya mwaka huo, Mkuu wa Mkoa Dakta Wilbert Klerruu alipouawa na mkulima Said Mwamwindi shambani Isimani, kisha mwili wake ukaletwa mjini ndani ya gari lake mwenyewe kwa barabara hiihii ya Dodoma. Ilikuwa kesi ya shamba, si ya nyumba. Lakini swali lililokuwa chini yake lilikuwa moja: nani mwenye haki ya kumiliki, na kiasi gani.

Kihesa haikuguswa na sheria ya majengo. Nani angekuwa na jengo la shilingi 100,000 Kihesa? Nyumba zilikuwa za matofali mabichi au ya kuchoma, korido katikati na vyumba huku na huku, mwenye nyumba akikaa chumba cha mbele na wapangaji vilivyobaki. Choo kimoja uani, bomba kama lipo ni la wote, na jikoni kila mtu na jiko lake la mkaa. Kodi ililipwa kwa mwezi, mkononi, na asiye nayo alivumiliwa kwa sababu alikuwa akionekana kila asubuhi.

Kilichoigusa Kihesa ni mradi wa viwanja na huduma. Kuanzia mwaka 1974 serikali, kwa mkopo wa Benki ya Dunia, ilipima maeneo mapya na kuboresha makazi ya zamani katika miji saba: Dar es Salaam, Mwanza, Mbeya, Tanga, Tabora, Morogoro na Iringa. Maeneo mapya yalipewa viwanja vilivyonyooka, barabara na maji kabla mtu hajaweka tofali la kwanza. Maeneo ya kuboreshwa, Kihesa na Mtwivila yakiwamo kwa upande wa Iringa, yaliongezewa huduma huku nyumba zikiwa zimeshasimama. Watafiti waliorudi kuyatazama maeneo hayo miongo kadhaa baadaye, na kuchapisha matokeo yao mwaka 2021, walikuta tofauti kubwa. Palipopimwa kwanza pamekua mitaa yenye nyumba bora na mpangilio uliodumu. Palipoboreshwa baada ya watu kujenga, hali haikuwa bora kuliko maeneo jirani yaliyoachwa yajijenge yenyewe. Mpangaji wa Kihesa hahitaji utafiti kulijua hilo. Anajua kona ambayo gari la kuhamisha vyombo halipiti, na godoro linavyobebwa kichwani kutoka hapo.

Mwaka 1984 sheria ya kodi za nyumba ilitungwa upya, ikiwa na mabaraza ambako mpangaji aliyepandishiwa kodi au kutishiwa kufukuzwa angeweza kwenda kulalamika. Kwenye karatasi ilikuwa ngao. Kisha Februari 1991 Halmashauri Kuu ya CCM ilikaa Zanzibar na kulegeza Miiko ya Uongozi. Tangu hapo kiongozi akaruhusiwa kupangisha nyumba. Nyumba ya kupangisha ambayo Bibi Titi alikataa kuiacha ikawa halali kwa kila waziri, mbunge na mkurugenzi.

Halafu ukaja mwaka 2005, na hapa naomba msomaji asimame kidogo. Mwaka huo sheria ya kudhibiti kodi ilifutwa. Mwaka huohuo Shule ya Mkwawa ikageuzwa kuwa Chuo Kikuu Kishiriki cha Elimu, chini ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Mwaka huohuo Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu ikaanza kazi, na mwanafunzi akapata fedha ya chakula na malazi mkononi. Chuo cha Kilutheri, ambacho mwaka 2013 kilikuja kuwa Chuo Kikuu cha Iringa, kilikuwa tayari kinakua tangu miaka ya 1990, na Wakatoliki nao wakaja na chuo cha Ruaha. Mji mdogo ukapata maelfu ya wapangaji vijana, wenye fedha inayokuja kwa mkupuo, katika mwaka ambao mpangaji alivuliwa ngao.

Mwenye nyumba alifanya hesabu, na simlaumu. Vyumba vya wanafunzi wawili wawili vinalipa kuliko familia moja. Ile nyumba ya korido ikabomolewa, pakaota mabanda ya chumba na choo ndani, yamepangwa mstari. Fedha ya mkopo inatoka kwa awamu, basi na kodi ikadaiwa kwa awamu. Kilichoanza kama kumfuata mwanafunzi kikawa desturi kwa wote, hadi kwa familia yenye watoto watatu inayotafuta mtaa uliotulia.

Ya karibuni ni mafupi. Barabara ya lami hadi Dodoma ilifunguliwa mwaka 2018, na bei ikapanda. Tangu mwaka 2021 kodi ya majengo inakatwa kwenye LUKU, kwanza shilingi 1,000 kwa mwezi, kisha 1,500 kuanzia 2023. Anayenunua umeme ni mpangaji, na kurudishiwa hutegemea moyo wa mwenye nyumba. William Lukuvi, Mbunge wa Isimani, alikuwa Waziri wa Ardhi hadi Januari 2022, na katika kipindi chake wizara ilizungumzia zaidi ya mara moja kuandaa sheria ya kusimamia sekta ya milki na kuzuia kodi ya miezi sita na mwaka. Aliondoka wizarani sheria hiyo haijapitishwa. Mpangaji mwenye mgogoro amebakiwa na Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya, kwa kuwa tangu 2021 mabaraza ya kata yanasuluhisha tu, hayaamui.

Mkataba wenyewe mara nyingi ni karatasi moja ya kujaza, inayouzwa kwenye duka la kuchapia na kutoa nakala. Jina, kiasi, muda, sahihi mbili, muhuri wa serikali ya mtaa ukipatikana. Haki za mwenye nyumba zinajaa nusu ukurasa: usipige muziki, usifuge, usiongeze mtu. Haki za mpangaji huwa mstari mmoja, au hazipo kabisa. Jirani zetu Kenya bado wana sheria yao ya kudhibiti kodi na baraza lake, na familia ya Nairobi huingia kwenye nyumba kwa kodi ya mwezi na amana ya mwezi.

Sitaki Miiko irudi. Mama mjane wa Kihesa aliyejenga vyumba vinne kwa kiinua mgongo cha mumewe ana haki ileile aliyoidai Bibi Titi, na mtu asimwite mnyonyaji. Ninachotaka ni kidogo zaidi: ukomo wa kodi inayodaiwa mbele, usizidi miezi mitatu, risiti, notisi ya maandishi kabla ya kumtoa mtu, na kodi ya majengo ilipwe na mwenye jengo. Wabunge wa Mkoa wa Iringa, wakiwamo wenye nyumba za kupangisha, wanaweza kulipeleka hili bungeni. Na wewe unayehamia Kihesa mwezi ujao, usitoe hata shilingi kabla hujapata karatasi yenye sahihi na muhuri wa mtaa.