Anwani za Muda za Barua Pepe

Anwani ya muda ya barua pepe ni anwani inayotumiwa kwa haja moja na kuachwa haja hiyo inapokwisha, ili barua taka, yaani matangazo na ulaghai unaotumwa kwa halaiki ya watu wasiouomba, ziishie huko badala ya kuingia katika kikasha ambacho mwenyewe hukitegemea kila siku. Barua taka ya kwanza inayojulikana ilitumwa Mei 1978 na Gary Thuerk, mwuzaji wa kampuni ya Digital Equipment Corporation ya Marekani, kwa watu wapatao 400 wa ARPANET, mtandao uliotangulia intaneti. Kinga ya anwani za muda ilichelewa kwa robo karne, kwani Mailinator, mojawapo ya huduma za mwanzo, ilianzishwa na Paul Tyma mwaka 2003.

Seva ya huduma kama hiyo hupokea barua yoyote inayoelekezwa kwenye kikoa chake, yaani sehemu ya anwani inayofuata alama ya @, hata kama jina lililotangulia halijasajiliwa na yeyote. Mtumiaji hubuni jina, hulijaza katika fomu ya tovuti asiyoiamini, kisha husoma ujumbe wa uthibitisho pasipo nywila, na baada ya dakika au saa chache ujumbe hufutwa. Wepesi huo ndio udhaifu wake, kwa kuwa anayelikisia jina hilo naye husoma yaliyomo. Salama zaidi ni anwani ya kificho, kama zile za Firefox Relay ya Mozilla, ambayo huipeleka barua kwenye kikasha halisi bila kumfichulia mtumaji kikasha hicho, na ambayo mwenyewe anaweza kuizima wakati wowote.

Katika kaunti za Migori na Homa Bay, kusini mwa eneo la Nyanza nchini Kenya, suala hili lina sura yake, kwa sababu wakazi wengi walifungua barua pepe si kwa ajili ya kuandikiana, bali kwa kuwa serikali iliidai: katika akaunti ya eCitizen, tovuti ya huduma za serikali, katika maombi ya mkopo wa masomo wa HELB, yaani Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu, na katika mfumo wa iTax wa Mamlaka ya Mapato ya Kenya. Shughuli hizo hufanyika katika vituo vya Huduma na katika saiba, yaani vibanda vya intaneti, za miji kama Rongo, Awendo, Isebania, Oyugis na Mbita, ambako mara nyingi mhudumu ndiye anayemfungulia mteja anwani, akamchagulia nywila na kumwandikia kwenye kikaratasi. Kikaratasi kikipotea, anwani iliyokusudiwa kudumu huwa imegeuka ya muda bila mwenyewe kujua, na hasara hudhihirika wakati tarehe 30 Juni, siku ya mwisho ya kuwasilisha ritani za kodi, inapokaribia, naye akaagiza nywila mpya ya iTax inayotumwa kwenye kikasha asichoweza kukifungua. Hasara hii ni nzito kuliko usumbufu wa barua taka zote.

Kwa hiyo anwani ya muda inamfaa mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Rongo au cha Tom Mboya anayepakua mitihani ya zamani katika tovuti asiyoijua, lakini haifai kamwe kwa huduma ambayo atairudia. Wala haizuii matangazo ya simu, kwa kuwa laini husajiliwa kwa kitambulisho na haiwezi kutupwa kwa wepesi huo. Huko kimbilio ni Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019, inayompa mtu haki ya kukataa taarifa zake zitumiwe kwa matangazo na kulalamika kwa Kamishna wa Data. Aliyefunguliwa anwani saibani na abadilishe nywila yake mwenyewe, aisajili namba yake ya simu kwa ajili ya kuirejesha akaunti, na afanye hivyo kabla hajaihitaji.