Staa wa Gitaa Aliyegeuka Mtunza Bustani

Mwishoni mwa miaka ya 1800, wakili mmoja tajiri wa Uingereza alifanya kituko nyumbani kwake Henley. Alijenga mlima wa mawe, mfano wa Matterhorn wa Uswisi, akaupanda mimea ya milima ya Alps.

Wengi wanadhani baridi ndo inaua mimea hii. Wapi! Ile inayobaki kijani mwaka mzima, kama sempervivum, yaani "hai daima", inavumilia hadi theluji. Inachochukia ni maji kutuama kwenye mizizi. Ndo maana inapandwa kati ya mawe, udongo kidogo, kokoto nyingi.

Wakili akafa 1919. Baadaye bustani ikatelekezwa, magugu yakatawala. Mwaka 1970 mpiga gitaa wa bendi kubwa kuliko zote duniani, iliyokuwa inavunjika, akalinunua jumba hilo. Badala ya kula bata, akaanza kung'oa magugu. Mwanawe amesimulia kuwa baba alikuwa bustanini hadi saa sita usiku, kwenye mbalamwezi. Hata kitabu cha maisha yake aliwatunukia watunza bustani, sio mashabiki.

Alifariki 2001. Mshamjua?