Mfichua Maovu Si Mtoboa Siri

Keti kwenye baraza yoyote ya Ndia Kuu, Mji wa Kale, Mombasa, uulize: mtu anayetoa nje mambo ya ndani huitwaje? Utapewa majina tele, na yote ya kumtweza: mchongezi, mfitini, mbea, mdaku, msaliti. Sishangai. Pwani tumelelewa kusitiriana, na sitara ni adabu kubwa. Lakini kinachositiriwa ni aibu ya mtu, si wizi wa mali ya watu, na hapo ndipo lugha yetu inapohitaji jina jingine, la mfanyakazi aliyeona uovu kazini akausema.

Magazeti mengi humwita mpuliza firimbi au mpiga kipenga. Ni tafsiri ya neno kwa neno ya Kiingereza, whistleblower, na mimi siipendi. Kwetu kipenga ni cha refa au askari: kikilia, watu husimama, kwa kuwa anayekipuliza ana mamlaka. Karani wa ofisini ana mamlaka gani?

Nasema karani kwa sababu ninamkumbuka David Munyakei. Alikuwa kijana wa Benki Kuu ya Kenya, Nairobi, na mikononi mwake zilipita karatasi za kampuni ya Goldenberg International, iliyokuwa ikilipwa na Serikali fidia ya asilimia 35 kwa dhahabu na almasi ilizodai kuuza ng'ambo. Almasi Kenya haikuwa ikichimba, na dhahabu yake ilikuwa kidogo mno kwa hesabu zile. Nakala alizozitoa ziliwafikia wabunge wa upinzani, Paul Muite na Peter Anyang' Nyong'o. Mwaka 1993 alikamatwa na kushtakiwa chini ya Sheria ya Siri za Serikali. Mashtaka yaliondolewa, lakini kazi ilikuwa imekwenda. Akashuka Mombasa, akasilimu, akaoa, akaanza maisha upya.

Tazameni basi jina la pili, mtoboa siri. Hilo ni jina la mwendesha mashtaka. Linakubali tangu mwanzo kwamba kilichokuwamo katika zile karatasi ni siri halali, na kosa ni tundu lililotobolewa. Ukilitumia, umekwisha kumhukumu Munyakei kabla hujauliza pesa zilikwenda wapi. Phyllis Omido naye alipewa jina la namna hiyo. Alipowaongoza wakazi wa Owino Uhuru, ng'ambo ya kisiwa cha Mombasa, kupinga kiwanda kilichowatilia sumu ya risasi, alikamatwa mwaka 2012 akashtakiwa kwa uchochezi. Mahakama ilimwachilia.

Mimi nashika mfichua maovu, na sababu yangu ni ya sarufi. Kitenzi fichua ni kinyume cha ficha, kama fungua kwa funga na zibua kwa ziba. Hakuna wa kufichua bila aliyetangulia kuficha. Tena jina la muundo huu halisimami peke yake: husemi "mla" ukanyamaza, husema mla rushwa, husemi "mpika", husema mpika uji. Vivyo hivyo mfichua hudai kitu mbele yake. Huwezi kumtaja mtu huyu bila kuutaja uovu uliofichwa. Ndiyo maana mfichuzi, ingawa ni fupi na gazeti hulipenda, halinitoshi, kwa kuwa linambakisha mtu peke yake na uovu linauacha nyuma.

Katika mambo ya Goldenberg, uovu uliachwa nyuma kwelikweli. Tume ya Jaji Samuel Bosire, iliyoundwa mwaka 2003, ilimsikiliza Munyakei, na Transparency International ikamtuza mwaka 2004. Benki Kuu haikumrudisha. Alifariki mwaka 2006, fukara. Kamlesh Pattni, mwenye Goldenberg, alifutiwa mashtaka na Mahakama Kuu mwaka 2013. Joseph Mutava, jaji aliyetoa uamuzi huo, baadaye aliondolewa kwenye ujaji kwa mwenendo usiofaa.

Mwaka huohuo aliokufa Munyakei, Bunge lilipitisha Sheria ya Kulinda Mashahidi. Shahidi, hata hivyo, ni mtu aliyetoa au aliyekubali kutoa ushahidi, kwa mfano mbele ya mahakama au tume. Mbele ya Bosire, Munyakei alikuwa shahidi. Mwaka 1993, nakala zikiwa bado mkononi mwake, sheria ilikuwa na jina moja tu la kumpa, nalo ni mshtakiwa.