Moja kwa kumi
Mimi si mwanasheria, ila kuna hukumu moja ya Marekani naisoma na kuirudia. Mwanamke wa Nikaragwa aliingia huko 1979 kama mgeni, muda ukamwishia. Kaka yake alikuwa ameteswa na Wasandinista. Naye akahofu akirudi yatamkuta yale yale. Jaji wa uhamiaji akamkatalia: aoneshe kwamba uwezekano wa kudhuriwa unazidi nusu. Hivi hofu nayo inapimwa hivyo? Mahakama ya rufaa ikakataa kipimo hicho, serikali ikang'ang'ania. Machi 1987 Mahakama ya Juu ikaiangusha serikali, majaji 6 kwa 3. Jaji Stevens akaandika kuwa hata aliye na uwezekano wa asilimia 10 tu wa kupigwa risasi au kuteswa aweza kuwa na hofu ya haki. Hifadhi yenyewe, hata hivyo, hakupewa siku ile. Ombi lilirudishwa chini lipimwe upya.