Kutoka Forodha hadi Bustani: Pwani ya Forodhani na Shangani katika Mji Mkongwe wa Zanzibar, Miaka ya 1830 hadi 2020

1. Utangulizi

Katika upande wa magharibi wa Mji Mkongwe wa Zanzibar, kuanzia mbele ya Ngome Kongwe hadi ncha ya rasi ya Shangani, upo ukanda mwembamba wa mchanga ambao mtu huumaliza kwa miguu kwa muda mfupi tu. Maji yanapojaa wakati wa bamvua, sehemu kubwa ya ukanda huo humezwa na mawimbi yakapiga kuta. Yanapokupwa, mchanga hujitokeza tena, na pamoja nao watu: vijana wanaocheza mpira, manahodha wa mashua zinazopeleka wageni kisiwa cha Changuu, watoto wanaooga, na watu wazima waliotoka kupunga upepo. Tofauti kati ya maji kujaa na maji kupwa hapa hufikia karibu mita 4 wakati wa bamvua. Neno lenyewe pwani lina uhusiano na kitenzi kupwa. Kwa hiyo pwani, kwa maana yake ya asili, ni ardhi inayotambulika kwa saa kabla ya kutambulika kwa mipaka.

Maandishi mengi kuhusu Mji Mkongwe yamejikita katika majumba, milango na misikiti. Ufuo umechukuliwa kama mandhari ya mbele ya majumba hayo. Insha hii inauchukulia ufuo wenyewe kuwa kiini cha uchunguzi. Hoja yake ni kwamba uwazi wa pwani hii kwa watu wote haukutokana na sheria wala mpango wowote, bali ulitokana na kazi. Kazi ilipohamia bandarini, uwazi huo ulihitaji kulindwa kwa makusudi. Na ulinzi uliowekwa tangu hapo umehusu zaidi bustani na kuta kuliko mchanga.

2. Ufuo wa kazi: forodha na gati lisilokuwepo

Katika miaka ya 1830, Seyyid Said bin Sultan alipokuwa akihamishia Zanzibar makao ya utawala wake kutoka Muscat, mji haukuwa na gati. Meli kubwa zilitia nanga mbali kidogo, na shehena ililetwa ufuoni kwa mashua. Majahazi yaliletwa karibu maji yakijaa, yakaachwa yakae juu ya mchanga maji yakipwa, kisha yakapakuliwa na wachukuzi. Pembe za ndovu, karafuu, gundi ya sandarusi na vitambaa vilipita mahali pamoja, penye nyumba ya forodha ambayo jina lake limebaki katika jina la Forodhani hadi leo.

Forodha hiyo haikuendeshwa na watumishi wa Sultani moja kwa moja. Ilikodishwa kwa wafanyabiashara wa Kihindi, na mashuhuri miongoni mwao alikuwa Jairam Shivji. Mkataba wa mwaka 1833 kati ya Seyyid Said na Marekani uliweka ushuru wa asilimia 5 kwa bidhaa zilizoingizwa na Wamarekani. Hivyo kila hatua ya mchukuzi kutoka majini hadi ghalani ilikuwa na thamani katika daftari la mkodishaji.

Ni muhimu kutoutukuza uwazi wa ufuo huo. Miongoni mwa walioshushwa pale walikuwa watumwa kutoka bara, nao walitozwa ushuru kwa kichwa kama bidhaa nyingine. Usafirishaji wao kwa njia ya bahari ulipigwa marufuku kwa mkataba wa Juni 1873 kati ya Sultani Barghash bin Said na serikali ya Uingereza iliyowakilishwa na John Kirk. Kwa hiyo, kusema kwamba pwani ilikuwa ya wote ni kusema tu kwamba wote walipita hapo. Si kusema kwamba wote walikuja kwa hiari yao.

Wageni wa Ulaya waliofika katikati ya karne ya 19 waliuona ufuo kama jalala. Richard Burton alieleza uchafu na maiti zilizotupwa pwani. David Livingstone, aliyekuwa mjini mwaka 1866, alilalamikia harufu mbaya kiasi cha kulifanyia mzaha jina la Zanzibar. Ushahidi huo hauwezi kupuuzwa, kwani mji uliokumbwa na kipindupindu zaidi ya mara moja katika karne hiyo ulikuwa na tatizo la kweli la usafi. Hata hivyo, ni ushahidi wa watu waliotazama kutoka melini au roshani za balozi. Sayyida Salme, binti wa Seyyid Said, aliyechapisha kumbukumbu zake mwaka 1886 kwa jina la Emily Ruete, aliijua pwani hiyo hiyo kutoka ndani ya Beit al-Sahil, jumba ambalo jina lake lina maana ya nyumba ya pwani. Kwake bahari ilikuwa jirani wa kila siku. Shuhuda hizi zikisomwa pamoja, ufuo huonekana ulivyokuwa: uwanja wa kazi, jalala, njia ya kuingilia mjini na baraza la mji, vyote kwa wakati mmoja.

3. Ufuo wa enzi: kutoka Barghash hadi Bustani ya Jubilei

Utawala wa Barghash (1870–1888) uliugeuza ukingo wa bahari kuwa mahali pa kuonyesha enzi. Beit al-Ajaib, lililokamilika mwaka 1883, lilielekezwa baharini ili lionekane na kila aliyeingia bandarini, na mbele yake ulisimama mnara wa taa. Fahari hiyo ilipata pigo tarehe 27 Agosti 1896, manowari za Uingereza zilipoyapiga mizinga majumba ya kifalme ili kumng'oa Khalid bin Barghash. Shambulio lilidumu chini ya dakika 45. Jumba la Beit al-Hukm liliharibiwa na halikujengwa tena. Meli ya Sultani iliyoitwa Glasgow ilizama mbele ya mji, na milingoti yake ikabaki ikionekana juu ya maji kwa miaka kadhaa.

Chini ya ulinzi wa Waingereza ufuo ulianza kuangaliwa kama suala la mipango miji. Ripoti ya mtaalamu H. V. Lanchester ilitolewa mwaka 1923, na kabla muongo huo haujaisha bandari mpya yenye gati la maji marefu ilikuwa imejengwa Malindi. Hilo ndilo badiliko kubwa kuliko yote katika historia ya pwani hii. Forodha iliondoka, na pamoja nayo wachukuzi, maghala na sababu ya kila siku ya umati kuwepo mchangani. Mwaka 1936, katika kuadhimisha miaka 25 ya utawala wa Sultani Khalifa bin Harub, eneo la mbele ya Ngome lilitengenezwa kuwa Bustani ya Jubilei.

Bustani ilileta namna mpya ya kwenda pwani. Mtu alikwenda bila shughuli, jioni, akiwa amevaa vizuri, kutazama na kutazamwa. Hata hivyo matembezi hayo hayakuwa sawa kwa kila mtu. Shangani ilikuwa mtaa wa balozi, makampuni na klabu ya Waingereza, ambayo roshani yake ilitazama bahari lakini haikufunguliwa kwa wenyeji. Wakati huo huo desturi za zamani za wenyeji, kama kuoga baharini alfajiri ya Siku ya Mwaka, zilijulikana kotekote katika mwambao. Bustani ilikuwa na mipaka, saa na adabu zake. Mchanga uliendelea kufuata mwezi.

4. Ufuo wa urithi: baada ya 1964

Baada ya Mapinduzi ya Januari 1964 ardhi yote ya Zanzibar iliwekwa mikononi mwa dola, na jina la Forodhani likarudi kutumika badala ya Jubilei. Majumba mengi ya Mji Mkongwe yaligawiwa familia zilizohamia kutoka ng'ambo na mashamba. Kwa wakaazi hao wapya, waliopanga vyumba katika nyumba zisizo na ua wa nje, bustani na ufuo vilikuwa sebule yao. Chakula cha jioni cha Forodhani, pamoja na urojo, mishikaki na maji ya miwa, kilikua katika mazingira hayo kabla hakijawa kivutio cha watalii.

Mamlaka ya kuhifadhi Mji Mkongwe iliundwa mwaka 1985, na mwaka 2000 mji ukaingizwa katika Orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO. Mwaka 2009 bustani ya Forodhani ilifunguliwa upya baada ya ukarabati uliosimamiwa na Mfuko wa Aga Khan wa Utamaduni, uliohusisha pia ukuta wa bahari. Faida yake ni dhahiri: ukuta uliokuwa ukibomoka uliimarishwa, na eneo la wazi likabaki wazi. Vijana wanaoruka kutoka ukutani kwa mtindo waliouita makachu wameifanya kingo hiyo kuwa jukwaa lao.

Kwa upande wa Shangani historia ilikwenda njia nyingine. Jumba la Mambo Msiige, lililojengwa katikati ya karne ya 19, liligeuzwa kuwa hoteli iliyofunguliwa mwaka 2015, na jengo jipya likaongezwa pembeni yake, kando ya ufuo. Kamati ya Urithi wa Dunia ilionyesha wasiwasi kuhusu mradi huo. Mjadala ulihusu zaidi kimo cha jengo, sura yake na hadhi ya urithi. Swali la mkaazi lilikuwa jepesi zaidi: maji yakijaa, apite wapi?

5. Hitimisho

Pwani ya Forodhani na Shangani imekuwa forodha, jalala, uwanja wa enzi, bustani na urithi. Katika hatua ya kwanza ilikuwa wazi kwa sababu mji haukuweza kuishi bila kuitumia. Katika hatua zilizofuata imebaki wazi kwa kiasi ambacho wapangaji walikumbuka kuiacha. Sehemu ya Beit al-Ajaib ilipoanguka tarehe 25 Desemba 2020 na kusababisha vifo, ulimwengu ulihuzunika, na kwa haki. Lakini njia ya kuelekea mchangani ikifungwa hakuna ukuta unaoanguka, hivyo hasara hiyo haionekani kwa urahisi katika ripoti za uhifadhi.

Ikiwa pwani ni kile kinachobaki maji yanapokupwa, basi mpaka uliochorwa juu ya alama ya maji kujaa hauihifadhi pwani, bali huhifadhi ukingo wake tu. Uhifadhi wa ufuo mdogo wa mjini unapaswa kuanza na mambo ambayo hayakuwahi kuandikwa katika hati yoyote: njia za kuufikia, saa za maji, na matumizi ya watu wasio na bahari nyingine ya kwenda.